Kabla ya Kuifungulia Plagini Mlango

Binti yangu anasema mimi hata nikipewa chai huuliza kwanza nani aliikoroga. Anatia chumvi, lakini si nyingi. Nimekula kwa kazi ya tovuti tangu enzi za kibanda changu cha saiba, cha kukodisha intaneti, pale Lindi, Kibera, mpaka macho yalipogoma nikaja kukaa naye hapa kwenye ghorofa za Nyayo Highrise, na katika kazi hiyo sijawahi kujuta kwa kumshuku mtu. Nimejuta mara nyingi kwa kumwamini.

Sasa nyinyi vijana mnaopanda ngazi zetu na laptopu begani mnaniuliza, Mama Zamu, mtu atajuaje kama plagini ni salama kabla ya kuiweka? Mnataka maneno machache ya kubandika ukutani. Nitawapa kisa cha Mama Rispa badala yake, na mnivumilie nikienda upande, maana uzee una ruhusa zake.

Kwa yule ambaye bado haijui, plagini ni kipande cha programu alichoandika mtu mwingine, nawe unakiongeza kwenye tovuti yako ili ifanye jambo ambalo haikuweza: ipokee ujumbe, ionyeshe ramani, iuze tiketi. Unabonyeza mara moja, imeshaingia. Hapo ndipo ninapoiogopea. Ni mgeni unayemkaribisha bila kumwona uso, na akishaingia anafungua kila kabati unalofungua wewe.

Kazi ya kuchuja wageni nilifundishwa na haboba, bibi yangu, Mnubi wa Kibera aliyekufa bila kugusa kompyuta. Alikuwa na vyumba vya kupangisha Lindi. Mtu akija kutafuta chumba, haboba alimuuliza jambo moja tu: ulikuwa unaishi wapi? Kisha alijitanda nguo yake akaenda huko kwa miguu. Akifika hakubisha kwa mwenye nyumba wa zamani. "Huyo atamsifu," alikuwa akisema. "Anayetaka kuondokewa na mpangaji mbaya humsifu kuliko mama yake mzazi." Alienda kwa jirani aliyegawana naye ukuta wa mabati. Jirani ndiye aliyejua nani anapiga mke, nani anapika pombe, nani ana wageni wasio na majina.

Kuna jambo lililomkera zaidi. Mpangaji anaenda ushago, kijijini kwao, anamwachia chumba binamu yake "kwa muda," na harudi tena. Binamu naye anamwachia rafiki. Kodi inaendelea kuja kwa jina lile lile, majirani wanaliita jina lile lile, na ndani analala mtu usiyemjua kabisa. Siku moja haboba alibisha chumba cha Odhiambo akafunguliwa na mwanamke mnene mwenye kijiko mkononi. "Odhiambo yuko wapi?" Mwanamke akajibu bila aibu, "Odhiambo ni mimi." Haboba alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi, halafu akamfukuza.

Yawekeni hayo akilini, tutayarudia.

Kwanza niwaambie kuhusu plagini za bure ambazo hazikupaswa kuwa za bure. Kanisa moja dogo la Kawangware liliniita nikiwa bado na nguvu. Fundi wao alipewa na rafiki yake, kwa flashi, plagini ya kuuzwa ambayo mtu alishaivunja kufuli. Wakafurahi, wamepata kitu cha bei kwa mteremko. Baada ya muda ukitafuta jina la kanisa mtandaoni unaletewa matangazo ya vidonge vya nguvu za kiume, kurasa na kurasa, zote ndani ya tovuti yao. Mchungaji aliona ni shambulio la mapepo. Aliita wazee wakaizunguka kompyuta na kuiombea, nami Mwislamu nikasimama nyuma yao nikaitika amina kila walipoitika. Walipotoka kunywa soda niliifuta ile plagini na kuanza kuitafuta milango ya siri iliyoiacha. Mtu anayejua kuvunja kufuli na kukugawia bidhaa bure ana sababu yake, na kwa kawaida sababu hiyo ni wewe.

Lakini Mama Rispa hakuwa na tamaa ya vya mteremko, ndiyo maana kisa chake kinanikaa moyoni.

Mama Rispa ni mjane wa kutoka upande wa ziwa, mwenye sauti kubwa, na ana nyumba Kongo, kule Kawangware, anakohifadhi wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao. Ni vyumba vitatu na jiko, hakuna kibao mlangoni. Mimi na kijana mmoja wa mtaani kwake, Kevo, tulimtengenezea tovuti. Kevo ni fundi mzuri kuliko nilivyokuwa mimi katika umri wake, na ninamwambia hivyo mara moja kwa mwaka ili asivimbe kichwa.

Siku hiyo Mama Rispa alituita jikoni. Kulikuwa na mwanamke Lindi, alisema, anaitwa Nekesa, walikutana kliniki. Ana mtoto mdogo mgongoni na taya lililovimba. Mumewe huikagua simu yake kila jioni, nani amepiga, nani ameandika. Kuongea hawezi, maana kuta za Lindi ni mabati na ukisema haloo ploti nzima imeitikia. Mama Rispa alimwahidi kwamba atamwekea mahali pa kuandika kwenye tovuti, jina, nambari na mahali alipo kwenye ramani, ujumbe usiobaki kwenye simu. Akiwa tayari, ataandika, na mtu atamfuata.

Kevo alikuwa ameshatafuta plagini ya kazi hiyo. Alinigeuzia laptopu.

"Mathe, cheki hii. Iko fiti. Fomu, ramani, kila kitu. Nyota karibu tano, na watu kibao wanaitumia. Nimeitoa kwa duka lao rasmi, si ya kuibiwa."

"Nani ameiandika?"

"Si uone jina hapo."

"Jina naliona. Nimeuliza nani."

Kevo aliangalia dari. Nikamuuliza, kwa kuwa nilitaka kujua, kama kuna mtu aliyemlipa ili ailete. Ndiyo, nilimuuliza hivyo, mbele ya mwenye nyumba.

"Mathe, unanishuku mimi?"

"Nakushuku. Hata mimi ningeileta ningejishuku."

Aliumia, niliona. Lakini taya lililovimba ni la mtu mwingine, na mume anayekagua simu kila jioni angelipa vizuri tu kupata ujumbe wenye ramani ndani yake. Nilimwambia Mama Rispa hatuiweki leo.

Alinipigia meza. "Mama Zamu, huyo msichana ananingoja mimi. Wewe unangoja nini?"

"Nangoja mvua."

Mkazi yeyote wa Lindi anajua maana yake. Chumba hakikaguliwi jua likiwaka. Jua likiwaka kila bati ni zima na kila mwenye nyumba ni mtu wa Mungu. Unasubiri inyeshe, unaenda, unasimama katikati ya chumba unaangalia juu kama panavuja.

Tulianza kwa majirani. Zile nyota nilizipita, hizo ni sifa za mwenye nyumba wa zamani. Nilimwambia Kevo anisomee mahali ambapo watumiaji huleta malalamiko. Zamani walijibiwa siku ile ile, kwa upole, hata wajinga. Halafu majibu yakakatika. Mmoja aliandika kwamba tangu sasisho la mwisho tovuti yake imekuwa nzito. Kimya. Mwingine akauliza kwa nini fomu ya kupokea ujumbe inataka uwezo wa kuongeza watumiaji kwenye tovuti yake. Kimya pia. Hilo swali lilinipendeza sana na ninawaachia: kila plagini iulizwe inachotaka, na inakitakia nini. Mtu aliyekuja kurekebisha sinki akiomba ufunguo wa chumba cha kulala, muulize maji yanapita huko tangu lini.

Nikiri kushuku kunaweza kuzidi. Niliwahi kuikataa plagini nzuri kabisa kwa sababu mwandishi wake alipigwa picha amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Sijajuta sana, lakini mteja alikasirika.

Kevo, akiwa bado amenuna, ndiye aliyekuta Odhiambo hayupo. Alikuwa akilinganisha matoleo ya zamani na jipya, mstari kwa mstari, kazi ambayo macho yangu hayawezi tena. Akasema polepole, "Mathe, hawa wasee si wale wa kwanza. Majina ya waliokuwa wakiiandika yametolewa yote. Imeuzwa. Jina la plagini limebaki tu."

"Na sasisho lililoifanya nzito?"

"Ndilo la kwanza la hawa wapya." Akashusha kidole kwenye skrini. "Na kuna kitu hapa imefichwa fichwa. Mtu akituma fomu, inaenda kwa tovuti yako, halafu nakala inaenda mahali pengine. Sijui ni wapi."

Nilitamani haboba angekuwepo. Lakini Kevo ni mtu wa haki, akaongeza, "Inaweza kuwa takwimu tu. Wengi hufanya hivyo, wanahesabu watumiaji."

Inaweza. Kwa hiyo tukajiletea mvua yetu wenyewe. Hili msilisahau kamwe: plagini usiyoijua haiwekwi kwenye tovuti ya watu. Tengeneza nakala ya tovuti kwenye mashine yako, isiyo na habari za mtu yeyote wa kweli, uiweke huko uitazame. Tuliiweka. Nikanunua laini mpya, nikaitia kwenye simu yangu ndogo ya tochi, ya mulika mwizi, nambari ambayo sikumpa mtu hata mmoja, hata binti yangu. Kisha nikamzaa mwanamke. Nilimwita Auma, nikamweka Gatina, mtaa wa kule Kawangware, nikaandika kwenye fomu: "Nimechoka kupigwa. Nisaidieni." Nikatuma.

Sasa kungoja.

Mama Rispa alipiga simu kila asubuhi. "Hiyo mvua yako inanyesha lini?"  Nawaambia ukweli, niliogopa. Nilimwona Nekesa akilini akifungua ukurasa ule kwa siri kwa simu ya kuazima, akikuta hakuna pa kuandika, akiufunga. Ukishuku unaokoa watu, lakini kuna watu wanaoumia wakati wewe unashuku, na anayefanya kazi hii bila kulijua hilo hana tofauti na askari wa geti anayelala na ufunguo mfukoni.

Siku moja simu ya Auma ililia nikakimbia nikaacha sufuria motoni. Ujumbe: "Wanyama, mzee anaumwa, rudi nyumbani." Nambari ilikuwa na mwenyewe kabla yangu. Masikini Wanyama, nilijibu kwamba laini imebadilika mikono, na nikarudi kwa wali ulioungua.

Mwishowe Mama Rispa alisema hawezi tena. Tukakubaliana tumfuate Nekesa kwa njia ya zamani. Mpwa wangu Amina ni msusi pale Lindi. Mnajua kusukwa kunavyokula siku. Mwanamke akisema anaenda kusukwa, hakuna mume anayemtarajia kabla ya jioni, na akichelewa atalaumiwa msusi. Amina alimpelekea neno mtungini, penye foleni ya maji, kwamba amepata rasta za bei nzuri, aje, na kwa kunong'ona akalitaja jina la Mama Rispa. Nekesa akaja na mtoto, akaketi, akaanza kusukwa kwa sababu majirani walikuwa mlangoni wakipiga soga. Amina akasuka. Soga hazikuisha. Akaendelea kusuka. Kichwa kilipofika nusu, mwanya ukapatikana, nikamshika mkono tukatoka kwa nyuma, yeye, mtoto na mimi, upande mmoja wa kichwa umesukwa vizuri na mwingine nywele zimesimama. Nilimfunga leso yangu. Tukaenda hivyo mpaka Kongo.

Kesho yake nilienda kumwona. Alikuwa ameketi jikoni kwenye kigoda, Mama Rispa amesimama nyuma yake akimalizia kusuka ile nusu, vibaya, maana vidole vyake vimezoea ugali. Kevo alikuwa mezani. Niliiweka simu ya Auma kando ya thermosi, na hapo ndipo ikatoa mlio.

Kevo aliisoma kwa sauti kabla hajafikiri.

"Habari Auma. Unaishi Gatina? Pata mkopo wa haraka leo."

Mikono ya Mama Rispa ilisimama.

"Auma ni nani?" Nekesa aliuliza. Ndiyo sauti yake ya kwanza niliyoisikia.

 Auma hakuwepo duniani. Nilimzaa mwenyewe, kwenye fomu ile moja, na tayari kulikuwa na watu wanaojua jina lake na mtaa wake. Wa kwanza alikuwa muuza mikopo. Anayeuza orodha ya majina kwa muuza mikopo haulizi mnunuzi wa pili ni nani, wala kama ana mke aliyetoroka. Nilimweleza Nekesa yote, kwamba pale palipoandikwa Auma ndipo yeye alipokuwa aandike. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Ningeandika kila kitu," alisema. "Ningeandika hata rangi ya mlango."

Mama Rispa alianza kulia, yeye mwenye sauti kubwa, akalia bila sauti, na kuendelea kusuka. Nami nililia. Kevo alitoka nje akasema anaenda kununua maziwa, ingawa maziwa yalikuwepo.

Aliporudi nilimwomba msamaha kwa kumshuku. Akaniambia, "Zi, Mathe, hapana. Endelea tu kushuku. Lakini siku ingine uniulize kando, si mbele ya watu." Hilo ni sahihi, na ninawapitishia.

Tuliwaandikia wenye duka la plagini, na Kevo akaeleza hadharani pale kwa majirani, ili wengine wasome. Kisha tukatafuta fomu nyingine. Tuliyoichukua ni ya zamani, haina urembo, ramani haina. Waandishi wake wanajibu maswali mpaka ya kipuuzi, nilijaribu. Tukaiwekea nayo mwanamke wake wa uongo, na simu ya huyo mpaka leo haijalia. Tukapunguza maswali: jina lolote, hata si lako, na njia ya kukupata. Mahali mtu alipo hatuulizi tena, maana kitu ambacho hukukiuliza hakuna wa kukuibia. Na kila sasisho likija Kevo anaangalia kwanza kama Odhiambo bado ni Odhiambo.

Laini ya Auma sikuitupa. Nilimwachia Mama Rispa pamoja na simu yake, iwe dirishani jikoni kwake, na kila mgeni anayekuja kufanya kazi naye huonyeshwa. Mikopo, bahati nasibu, waganga, wote wanamtafuta Auma.

Nilikuwa huko juzi. Nekesa sasa ndiye anayewapokea wanaokuja wapya, na kichwa chake kimesukwa na Amina mwenyewe, pande zote mbili. Tulikuwa tukichambua mboga ile simu ikaita. Haikuwa ujumbe, ilikuwa mtu. Mama Rispa alinitazama. Kabla sijanyoosha mkono Nekesa alishaichukua na kuibonyeza, na sauti ya mwanaume ikatoka, nyororo kama mafuta.

"Auma? Mambo. Bado uko Gatina? Upande gani?"

 Nilijua anaisikia sauti nyingine ndani ya hiyo. Kisha akasimama, akaenda mpaka mlangoni pa jiko, mahali ambapo ploti nzima inasikia.

"Auma alihama," alisema kwa nguvu. "Na hakuna mtu hapa atakuambia aliko."

Akakata, akairudisha simu dirishani, akaketi, akaendelea na mboga.